Usikimbilie nusu ya chungu

Ukimtajia kijana wa Nairobi poka, hufikiria ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambapo mtu hutangaza "niko kadi!" Leo, msomaji, tuuweke huo kando. Tutazame poka ya Wamarekani, tena aina yake iliyo na mtego: stadi ya karata saba ya kugawana chungu. Huchezwa katika kumbi za Las Vegas, na imo katika mashindano makubwa ya dunia yaliyoanzishwa huko mwaka wa 1970.

Kila mchezaji hupewa karata mbili zilizofunikwa na moja ya wazi. Dau huwekwa. Kisha huja tatu za wazi, moja baada ya nyingine, na ya saba hufunikwa. Mwenye mkono wa juu kabisa hubeba nusu ya chungu, na mwenye mkono wa chini kabisa nusu ya pili. Lakini mkono wa chini haukubaliwi ila uwe na karata tano tofauti zisizozidi nane. Ukikosekana, wa juu hubeba chote. Ree, ambayo watoto wetu huiita esi, huhesabiwa kuwa kubwa na ndogo pia.

Sasa hesabu. Wekeni njugu mezani nyumbani (karo ya shule iacheni benki!) mjaribu. Mmebaki wawili, kila mmoja ametia njugu 20. Chungu kina 40. Ukishinda nusu umepata 20, nazo ni zako mwenyewe ulizotoa mfukoni! Mkiwa watatu, chungu ni 60, nusu ni 30, faida yako njugu 10 tu. Lakini ukibeba chote, faida ni 40. Kwa hiyo tafuta karata zinazoweza kwenda juu na chini kwa pamoja.

Ree, mbili na tatu, hasa zikiwa zote kopa, ni mwanzo mzuri sana. Ree mbili na karata ndogo pia. Karata tatu zilizo sawa, usiulize, cheza. Jozi ya tisa ndiyo inayowafilisi wengi: haina njia ya kwenda chini, na huko juu hushindwa kwa urahisi. Kingi mbili zaweza kuchezwa ikiwa hakuna ree iliyo wazi mbele yako.

Usitazame karata zako tu. Una mbili, nne na saba, na ree, tatu na tano kadhaa zimelala wazi mbele ya wenzako? Hizo hazitakujia tena. Jitoe mapema, ungali hujatoa kitu.

Karata ya nne ndiyo njia panda. Ulikuwa na ndogo tatu tofauti. Ikija ndogo nyingine isiyofanana nazo, utakamilisha mkono wa chini kama mara 71 katika 100, pasipo kuhesabu karata za wazi za wengine. Ikija kwini badala yake, ni mara 32 tu. Hapo ndipo mtu husema, "Lakini nimeshatia njugu tano!" Ndugu yangu, hizo si zako tena, ni za chungu. Jirani akiwa ameokota ndogo nzuri, weka karata chini.

Na mambo yakigeuka, wewe ukapata ndogo na yeye akaokota jeki, usimwonee haya. Pandisha dau. Alipe bei ya kukufukuza, au akuachie.

Katika kumbi ambazo dau lina kiwango maalumu, huwa maradufu kuanzia karata ya tano. Anayefika hapo na ndogo tatu tu, akitarajia mkono wa chini, nafasi yake imeshuka hadi kama mara 15 katika 100, na kila njugu anayotia sasa imekuwa mbili.