Paka Tunaowatupa Porini

Kuna deni moja la ualimu ambalo sijalilipa. Mwaka 1984 nilikuwa nikifundisha sayansi katika shule ya msingi iliyopakana na pori. Mtoto mmoja alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, paka wetu amezaa na kimburu." Darasa zima lilicheka. Badala ya kumwuliza ameona nini, nilimwamuru aketi. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenifunza kwamba mnyama huzaana na wa jinsi yake tu, na wakichanganyika hutoka baghala, mtoto wa punda na farasi, asiyezaa. Nililishika fundisho hilo kama msahafu.

Leo nina umri wa miaka 74, nimestaafu ukuu wa shule, nami nakiri kwamba niliyepaswa kuketi ni mimi.

Kimburu, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu na nyuma ya masikio yenye wekundu, ndiye asili ya paka wetu. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba, kwa kulinganisha vinasaba, wameona paka wa nyumbani wametokana na jamaa zake wa Mashariki ya Kati. Basi hawa ni ndugu. Wakikutana huzaana, na watoto wao nao huzaa.

Sisemi kwamba mlango uko wazi kwa kila mnyama. Anayedai paka wake amezaa na chui anatupotezea wakati. Ngawa na fungo si paka hata kidogo, ingawa wengi wetu huwaita hivyo. Mondo yuko katikati: mwaka 1986 huko Pennsylvania, Marekani, mondo dume alizaa na paka jike wa nyumbani, na tangu hapo watu wamekuza kizazi hicho kwa biashara. Lakini madume wa vizazi vya mwanzo huwa tasa. Kimburu hana kizuizi hicho, na hapo ndipo penye hatari.

Jirani yangu huniuliza, "Mwalimu, kama ni ndugu, wakizaana kuna hasara gani?" Namjibu hivi: mimina kikombe cha maji katika ndoo ya maziwa. Bado utaona maziwa. Mimina kingine, na kingine. Siku moja utakunywa maji meupe, wala hutajua maziwa yalikwisha lini. Waskoti wameyaona hayo kwa paka wao wa porini. Miaka mingi ya kuchanganyika na paka wa nyumbani, juu ya kuwindwa na kupotewa na misitu, iliwafikisha pabaya: mwaka 2019 wataalamu walitamka kwamba waliobaki porini hawawezi tena kujiendeleza wenyewe. Mwaka 2023 ilibidi waanze kuachiliwa paka waliozalishwa kwenye vizimba.

Na sisi je? Paka akizaa watoto sita, tunawatia ndani ya gunia, tunavuka mto, tunawafungulia porini, kisha tunarudi tukijisifu kwamba tumewaonea huruma. Huruma gani hiyo? Wengi hufa kwa njaa. Wanaosalia hupeleka magonjwa na damu yao kwa kimburu, mnyama aliyejilinda mwenyewe maelfu ya miaka bila kutuomba hata dagaa.

Nitaambiwa watu hawana fedha za kuhasi paka. Ni kweli, wengi hawana. Lakini kutotupa hakuhitaji fedha. Gawa watoto wale kwa wenye ghala linalosumbuliwa na panya, na umwulize afisa mifugo kuhusu kuhasi kabla paka hajabeba mimba nyingine. Aliyepanda basi kwenda mjini kununua simu asiniambie njia ya kwa afisa mifugo ni ndefu.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, pengine ana wajukuu. Kama anasoma ukurasa huu, namwomba radhi. Na kama bado anakumbuka alichokiona, asimame atueleze. Safari hii nitanyamaza.