Mtandao wa Kijiji Utafutwe na Kijiji

Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, kila kijiji kina mahali pake ambapo vijana hukimbilia. Kwingine ni kilimani nyuma ya zahanati, kwingine ni chini ya mwembe ulio njia panda, kwingine ni kwenye kona moja tu ya uwanja wa shule. Hapo ndipo mtandao unaposhika. Anayeishi bondeni humpa jirani namba ya mtihani ya mwanawe na kusubiri kuletewa habari. Baadaye aliyechaguliwa kidato cha tano anatakiwa kupakua fomu ya kujiunga kwenye tovuti ya TAMISEMI, na hapo kilima hakitoshi tena. Mzazi anatafuta nauli ya bodaboda, anakwenda mjini, analipa apakuliwe na achapishiwe karatasi ambazo mwenzake wa mjini amezifungua akiwa kitandani.

Orodha ni ndefu. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni. Kazi za serikali zinaombwa kupitia Ajira Portal. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao. Mkulima wa kabichi wa Lushoto anahitaji kujua bei ya sokoni Dar es Salaam kabla ya dalali kufika shambani. Huduma za nchi zimehamia mtandaoni, na kwa sehemu kubwa ni jambo jema, lakini nyumba nyingi za vijijini bado hazijaunganishwa na mahali huduma hizo zilikohamia.

Nasema nyumba, na nina sababu. Msichana wa kidato cha tatu hawezi kupanda kilimani saa mbili usiku kufuatilia somo la fizikia. Hata akiweza, hatupaswi kutaka afanye hivyo. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kusimama nusu saa chini ya mwembe ili azungumze na mumewe aliye mbali. Mzee mwenye kisukari, ambaye binti yake ni muuguzi Muhimbili na angependa kumwona uso kila jioni, magoti yake hayamfikishi huko. Mtandao wa kilimani huwafaa zaidi vijana wa kiume wenye miguu na muda. Wengine wote wanaupata kwa kuomba.

Ndugu zangu mnaoishi vijijini, nanyi mlio mijini lakini mna wazazi kijijini, naomba jambo moja: tuache kuutafuta mtandao kila mtu kivyake. Leo hii katika kitongoji kimoja utakuta mtu ana laini tatu za kampuni tatu, anaunga bando huku na huku akijaribu bahati. Jirani yake amenunua ruta iliyosifiwa na mtu wa mjini, nayo imebaki kabatini. Mwingine ameuziwa kifaa cha kuongeza mawimbi kisicho na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kifaa cha namna hiyo kinaweza kuvuruga mawimbi ya majirani. Fedha zimetumika, tena nyingi, ila hakuna aliyemwambia mwenzake alichokijua baada ya kuzitumia.

Na cha kujua kipo. Mawimbi ya simu hayapiti mlimani. Katika milima ya Usambara, Upare au Uluguru, mnara unaweza kuwa kilomita tatu tu kutoka kwako na usipate kitu, kwa sababu kilima kimesimama katikati, wakati mtu wa mbali zaidi upande wa pili, anayeuona mnara kwa macho, anapiga simu ya video bila shida. Masafa ya chini, kama MHz 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama MHz 1800 na 2600, huweza kubeba data nyingi zaidi lakini hudhoofika mapema. Paa la bati nalo huyazuia mawimbi, ndiyo maana simu inashika uani na kupotea ukiingia sebuleni. Kwa nyumba ya namna hiyo tiba ipo: ruta ya nje, au antena inayoelekezwa mnarani, ifungwe juu ya paa au kwenye mlingoti, kisha waya ushuke ndani. Fundi anayefunga madishi ya televisheni akielekezwa anaweza kazi hiyo.

Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao antena haiutibu, na naomba tuuelewe vizuri maana ndio unaotuchanganya wengi. Simu inaonyesha alama zote nne, na bado ukurasa haufunguki. Alama zile zinakuambia jinsi simu yako inavyousikia mnara. Hazisemi lolote kuhusu njia ya mnara wenyewe kwenda duniani. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, umeunganishwa na nyaya za baharini zilizotia nanga Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Mnara uliofikiwa na faiba una nafasi kubwa. Minara mingi ya vijijini haijafikiwa. Hupokea kwa maikrowevu kutoka mnara mwingine, na huo nao kutoka mwingine. Asubuhi mambo huenda. Ikifika jioni, watu wamerudi kutoka mashambani na kila mtu ameshika simu, njia ile inajaa. Hapo hata ukinunua antena ya bei yoyote, unapoteza fedha. Kampuni ndiyo inayotakiwa kuongeza uwezo wa mnara, nayo huongeza ikiona wateja wapo na wanadai. Mbali na hayo kuna suala la umeme: ukikatika, mnara huishi kwa betri au jenereta, na betri zilizochoka huuzima mnara mapema.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima, na kupima ni kazi ya watu wengi. Chukueni daftari la kawaida. Kila kitongoji kitoe kijana mmoja mwenye simu nzuri, apime spidi kwa laini za kampuni zote zinazofika, asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kwa wiki mbili. Aandike mahali, saa, kampuni na namba aliyoipata. Wasichana wapewe kazi hii pia, na vipimo vya usiku vichukuliwe majumbani, maana nyumbani ndipo tunapotaka mtandao ufike. Kumbukeni kwamba Mbps 8 ni sawa na MB moja kwa sekunde, na kwamba simu ya video huenda vizuri kwa Mbps 2. Filamu yenye picha safi inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, basi anayeuziwa kifurushi cha GB 10 kwa ajili ya nyumba nzima ajue anachonunua. Wiki mbili zikiisha, daftari hilo litaonyesha wazi vitongoji vinavyohitaji antena tu, vile ambavyo mnara umeelemewa, na vile ambavyo mawimbi hayafiki kabisa.

Hayo ni matatizo matatu, na milango yake ni mitatu.

Panapohitaji antena, majirani wanunue pamoja. Tuseme ruta ya nje, mlingoti na ufundi vinafika shilingi laki nne. Kaya moja itasita. Shule ya msingi, zahanati na chama cha ushirika vilivyo kwenye uwanja mmoja vinaweza kuchangia na kutumia huduma hiyo kwa zamu bila mtu kuumia. Nasisitiza tu kwamba kuuza mtandao kwa wengine ni biashara yenye leseni, hivyo kabla ya kuanza kutoza ada, ulizeni TCRA. Ina ofisi za kanda, si lazima kwenda Dar es Salaam.

Mnara ukiwa umeelemewa, lalamikeni kwa utaratibu. Kumpigia mhudumu ukiwa na hasira na kukata simu hakuachi kumbukumbu yoyote. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe. Ombeni namba ya lalamiko, muiandike daftarini. Wasipowasikiliza, lipelekeni TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kwa ajili yetu sisi watumiaji. Lalamiko la kaya sitini lenye vipimo vya wiki mbili si rahisi kulipuuza.

Na mahali ambapo mawimbi hayafiki kabisa, kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa sababu hiyo hasa: kupeleka mawasiliano mahali ambapo kampuni haioni faida. Makampuni ya simu yenyewe huuchangia. Mei 2023 mfuko huo ulitia saini na watoa huduma mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Kijiji chako kimo? Muulize diwani, muulize mbunge. Wabunge husimama mara kwa mara bungeni kuulizia minara ya majimbo yao, na mbunge uliyempa majina ya vitongoji na idadi ya kaya atauliza swali ambalo waziri atalazimika kulijibu kwa jina la kijiji chenu.

Wapo wasiosubiri mnara hata kidogo. Kondoa, mkoani Dodoma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakishirikiana na tawi la Tanzania la Jumuiya ya Intaneti walianzisha mtandao wa jamii unaotumia nafasi zilizo wazi kwenye masafa ya televisheni, ambayo husafiri mbali na hayasumbuliwi sana na miti na majani. Afrika Kusini, katika eneo la Mankosi huko Eastern Cape, wanavijiji walisajili ushirika wao wa Zenzeleni mwaka 2014, wakafunga vituo vinavyotumia nishati ya jua juu ya nyumba zao, wakahudumiana wenyewe kwa bei nafuu. Hata Uingereza, nchi tajiri, wakulima wa Lancashire waliochoka kusubiri makampuni walianzisha B4RN mwaka 2011. Walinunua hisa, wakachimba mitaro katika mashamba yao wenyewe, wakapitisha faiba bila wenye ardhi kudai malipo ya njia. Kenya iliweka aina maalumu ya leseni kwa mitandao ya jamii mwaka 2021, na ningependa sana kuona kila nchi ya Afrika Mashariki ikifanya hivyo, kwa ada ambayo kikundi cha kijiji kinaimudu.

Najua swali linalofuata: nani atasimamia? Sisi. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, vijiji vingi vinaendesha miradi yao ya maji kupitia vyombo vya watumiaji vilivyo chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Tunajua kukusanya ada, kumlipa fundi, kusoma mapato na matumizi mbele ya watu. Uwezo huo tayari uko mikononi mwa mama anayeshika kitabu cha stakabadhi za maji. Akiongezewa kijana mmoja aliyesoma umeme VETA, kamati ya mtandao imepatikana.

Kuna wanaosema satelaiti imemaliza yote haya. Imesaidia sana, kweli. Satelaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mazungumzo yake huchelewa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Za Starlink huzunguka kwa kimo cha kilomita 550 hivi, kwa hiyo simu ya video huenda vizuri. Huduma hiyo ilianza Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai mwaka huohuo. Kwa shule au zahanati iliyo mbali na kila mnara, dishi moja linaweza kuwa jibu. Kabla ya kulipa, hakikisheni kampuni ina leseni katika nchi yenu, angalieni kama mahali pa kufunga dishi pana anga wazi bila miti, na hesabuni ada ya kila mwezi kabla ya kushangilia bei ya kifaa. Kwa kaya ya kawaida, ada hiyo bado ni mzigo mpaka igawanywe, na tunarudi palepale kwenye kukaa pamoja.

Nanyi wa mjini, acheni kutuma ruta nyumbani kama zawadi ya kushtukiza. Piga simu kwanza, uliza kampuni gani inashika pale na saa ngapi. Mkirudi kwa likizo, kaeni siku mbili na vijana wa kitongoji, wafundisheni kupima, kuandika barua na kuzima masasisho ya simu yanayomaliza bando usiku.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Kabla ya huo unaokuja, nendeni kwa mwenyekiti mapema mkaombe mtandao uwe ajenda, msiuache hadi mengineyo. Siku yenyewe, daftari lisomwe kitongoji kwa kitongoji, na wenye nyumba waseme wako tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi. Kiasi hicho kiandikwe, kwa sababu ndicho kampuni itakachokiuliza kwanza. Mchague watu watano, wanawake wasipungue wawili, na mtendaji aiandike barua ya UCSAF na ya kampuni palepale, mwenyekiti asaini kabla watu hawajatawanyika, nakala moja ibaki ofisini na nyingine apewe diwani mkononi.