Mashine ya kurusha mpira haina bega

Miezi kadhaa iliyopita jirani yangu hapa Kipevu, baharia aliyezunguka bandari nyingi za dunia kabla ya kustaafu, alipokea sanduku kubwa kutoka Dubai. Lilipofunguliwa uani kwake, watoto wa mtaa walidhani ni pampu ya maji. Ilikuwa mashine ya kurusha mipira ya kriketi. Ina miguu mitatu, magurudumu mawili ya mpira yanayozunguka yakielekeana, tundu la kutumbukizia mpira na vitufe viwili vya kuongeza au kupunguza kasi. Huendeshwa kwa betri ya gari ya volti 12, jambo ambalo ni la heri, kwani sisi tunaoishi kando ya mitambo ya kuzalisha umeme ndio wa kwanza kujua kwamba ukaribu na mtambo si dhamana ya taa kuwaka.

Kabla sijaendelea, niruhusu msomaji nitatue tatizo la istilahi, maana mtu hawezi kuiacha kazi yake mlangoni. Kile chombo anachoshika mpigaji nikikiita bati, utafikiria paa la nyumba. Nikikiita gongo, ndugu zetu wa Tanzania watafikiria pombe haramu. Nimechagua gongo, tuvumiliane. Anayerusha mpira nitamwita mrushaji.

Nyumbani kwangu anaishi mpwa wangu, kijana wa miaka 14, ambaye mapenzi yake kwa kriketi yamenishinda kuyaeleza. Kila jioni baada ya shule alikuwa akivuka kwenda kwa jirani, akavaa kofia ya chuma na vikinga vya miguu, akasimama mbele ya wavu na kupiga mipira mia na zaidi. Nilikwenda kumtazama mara kwa mara na kwa hakika nilifurahi. Mguu wa kushoto ulikwenda mbele palepale, kiwiko kikainuka palepale, na sauti ya gongo ikawa moja, kama saa ya ukutani. Nilimwambia dada yangu kwa simu kwamba mwanawe amepata mwalimu asiyechoka.

Kisha ukaja usaili wa vijana. Aliyemrushia mpira alikuwa kijana mwembamba, asiye na kasi yoyote ya kutisha, mwenye kuchezesha vidole mpira ukapinda baada ya kudunda. Mpwa wangu alitolewa kwa mpira wa tatu. Akapewa nafasi nyingine, akatolewa tena. Njiani kurudi hakunena neno mpaka tulipolikaribia daraja la Makupa, ndipo aliposema: "Mjomba, ile mashine haina bega. Yule alikuwa na bega, na mimi sikujua nilitazame vipi."

Sentensi hiyo imenisumbua kuliko makala nyingi za kitaalamu nilizowahi kusoma, na ndiyo sababu ya safu hii.

Hebu tupige hesabu. Uwanja wa kriketi kati ya vijiti na vijiti ni yadi 22, yaani mita 20 na kidogo. Mpira ukirushwa kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa, tangu uachiliwe mpaka umfikie mpigaji ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, Peter McLeod alionyesha kwamba hata wapigaji hodari wa kimataifa, mpira ukigeuka ghafla baada ya kudunda, wanahitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kabla ya kuweza kurekebisha pigo. Maana yake ni kwamba bingwa hana macho ya ajabu kukushinda wewe na mimi. Ushindi wake umo katika kujua mapema. Anausoma mwendo wa mrushaji: mkimbio, bega, kifundo cha mkono, namna vidole vilivyoukumbatia mpira. Mpira unapoachiliwa, yeye tayari ana dhana ya mahali utakapodunda.

Mwaka 2000 McLeod na mwenzake Michael Land walifunga kamera machoni pa wapigaji ili kuona wanatazama wapi. Waligundua kwamba macho hayaufuati mpira njia nzima, bali huutazama unapotoka, kisha yakaruka mbele na kuusubiri mahali utakapogusa ardhi. Aliye hodari huruka mapema zaidi. La kuchekesha ni kwamba mipira ya utafiti huo ilirushwa na mashine, kwa sababu mtafiti anataka kila mpira ufanane na mwenzake. Na hapo ndipo ilipo tofauti ya maabara na uwanja: mchezoni mipira haifanani, na mrushaji hulala akiwaza namna ya kuifanya isifanane.

Utafiti mwingine, wa Ross Pinder na wenzake wa mwaka 2009, uliwachukua vijana wanaoinukia na kuwapa zamu mbili, moja mbele ya mashine na nyingine mbele ya binadamu. Mpangilio wa wakati na mwendo wa viungo vyao ulibadilika. Kwa maneno mengine, pigo analojifunza mtoto mbele ya mashine si lile lile analolihitaji mbele ya mtu, ingawa kwa anayetazama kutoka barazani, kama nilivyokuwa nikitazama mimi, yanafanana kama pacha.

Sisi wa isimu jambo hili tuliwahi kulipitia, na tulilipia gharama. Katika miaka ya 1950 na 1960 ufundishaji wa lugha ulitawaliwa na maabara: mwanafunzi kavaa vidude masikioni, kanda inasema sentensi, yeye anairudia, kanda inabadilisha neno moja, naye anabadilisha. Nyuma yake ilisimama nadharia kwamba lugha ni mazoea, ukikoleza kichocheo na jibu mara za kutosha, basi ulimi utajifunza. B. F. Skinner aliitolea kitabu mwaka 1957, na mwaka 1959 Noam Chomsky akakifanyia uhakiki ambao hadi leo wanafunzi wangu huusoma kwa furaha ya watoto wanaotazama ngumi. Wahitimu wa kanda zile walikuwa na matamshi safi. Wakitoka nje na kukutana na muuza samaki anayekatiza sentensi, anayetania, anayeuliza swali ambalo halikuwemo kwenye kanda, walibaki midomo wazi. Kanda nayo haikuwa na bega.

Na walimu wenzangu msinicheke, kwa kuwa mashine tunazo darasani hadi leo, ila hazina magurudumu. Tunawapa watahiniwa karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, moja baada ya nyingine, kwa kasi moja na mwelekeo mmoja, mpaka mtoto anaanza insha kabla hajamaliza kusoma swali. Nikiwapokea chuoni, nikiwauliza kitu kilekile kwa upande wa pili, wanatolewa kwa mpira wa tatu. Mimi mwenyewe nimewahi kuwapa mazoezi ya uchanganuzi wa sentensi yenye mifano iliyonyooka kupita kiasi, kisha nikashangaa walipokwama mbele ya sentensi ya gazeti.

Lakini nisiidhulumu mashine. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1897 Charles Hinton, mwanahisabati aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Princeton kule Marekani, alitengeneza bunduki ya baruti ya kurusha mipira ya besiboli kwa timu ya chuo. Yaelekea wachezaji waliiogopa kuliko mrushaji yeyote. Aliyeibuni alitaka kuokoa mikono ya warushaji, na hoja hiyo ingali na nguvu. Vijana wanaorusha kwa kasi huumia mifupa ya kiuno wakirushishwa kupita kiasi, ndiyo maana nchi zenye kriketi iliyopangika huweka mipaka ya mipira kwa kila umri. Mashine haina kiuno. Vilevile mtoto anayetaka kurekebisha pigo moja tu, tuseme kiwiko kinachoanguka, anahitaji mpira uleule mahali palepale mara hamsini, na hakuna binadamu awezaye kumpa. Fauka ya hayo, hapa kwetu hatuna vijana wengi wanaofikia kasi ya kilomita 130. Ni afadhali mtoto aionje kasi hiyo kwenye mashine, akiwa na kofia, kuliko kuionja mara ya kwanza mbele ya umati. Habari ya kofia si ya mzaha: mwaka 2014 mpigaji wa Australia, Phillip Hughes, alifariki baada ya kupigwa na mpira shingoni ingawa alikuwa ameivaa. Uani kwa jirani yangu wapo watoto wanaopokezana kofia moja, na nimeshamwambia kwamba siku ikikosekana, mashine izimwe.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Kabla ya sanduku lile, jioni za Kipevu zilikuwa na kundi la wavulana na wasichana wachache waliocheza kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme, kwenye kiwanja cha vumbi ambapo ukiinua macho unaona winchi za gati la makontena lililofunguliwa mwaka 2016. Wengi wao hawakuwa na gongo. Asiye na gongo alirusha. Hivyo ndivyo alivyopata nafasi mchezoni, na hivyo ndivyo wengine walivyokuwa warushaji wazuri. Mashine ilipofika, wenye magongo wakahamia uani, nao wasio na magongo wakakosa wa kumrushia. Baadhi yao niliwaona wakikaa ukutani, wakiokota mipira inayoruka nje. Mashine haikumnyang'anya mtu kitu mkononi, lakini imefanya kazi ya watoto kumi, na watoto hao kumi ndio wangekuwa mabega ambayo mpwa wangu alihitaji kuyasoma.

Nchi hii inajua thamani ya mrushaji. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya ilikusanya mikimbio 166 tu, kisha warushaji wake wakawatoa West Indies kwa mikimbio 93. Mwaka 2003, Nairobi, Collins Obuya aliwapepesa Sri Lanka kwa mipira ya kuzungusha kifundo cha mkono na kutoa wapigaji watano, na Kenya ya Steve Tikolo ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kisha tukateremka. Mara ya mwisho tulicheza Kombe hilo mwaka 2011, na mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Waganda, ambao kriketi yao imeshika mizizi katika mashindano ya shule, wamecheza Kombe la Dunia la mipira 120 mwaka 2024 na kuwashinda Papua New Guinea.

Sasa kuna sababu mpya ya kuzungumza. Kriketi na besiboli zote zimo katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, na mtaala wetu mpya umeiweka michezo miongoni mwa mikondo mitatu ya sekondari pevu. (Sikio la mwanaisimu haliwezi kukosa kusikia jina la mtaa wangu ndani ya istilahi hiyo, ila sifanyi etimolojia ya barazani.) Shule zitakazofundisha mkondo wa michezo zitataka vifaa, na kifaa kinachong'aa hupata mfadhili haraka kuliko mshahara wa mtu. Mashine hupigwa picha, hukatiwa utepe, huandikwa jina la mheshimiwa ubavuni. Mimi na jirani tulikaa tukapiga hesabu: bei ya ile yake, pamoja na usafiri na ushuru, ingetosha kuwanunulia watoto wa kiwanja cha vumbi magongo, mipira na kofia, na kumlipa mkufunzi wa jioni kwa muda mzuri. Shule ikiniuliza, nitaiambia inunue mashine ikishaajiri mtu wa kusimama karibu nayo.

Nasema hivyo kwa sababu ya mzee mmoja wa hapa, mstaafu wa bandarini, aliyekuwa akirusha kwa mkono wa kushoto enzi za ujana wake. Alisikia habari za usaili ule, akaja uani bila kualikwa. Akamwamuru jirani yangu apunguze kasi, akawa anakimbia hatua nne kando ya mashine, akizungusha mkono mtupu hewani wakati mpira unatumbukizwa. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Baada ya wiki moja aliiacha mashine kabisa, akawarudisha kiwanjani wale waliokuwa wakikaa ukutani, akawapanga wanne wanne, kila mmoja arushe mipira sita kwa namna yake mwenyewe.

Siku ya kwanza mpwa wangu alitolewa mara tisa, mara nne kati ya hizo na msichana wa miaka 12 ambaye hajawahi kumiliki gongo. Uani bado huenda, Jumanne na Alhamisi, kurekebisha kiwiko. Usaili mwingine umetangazwa, na ameniomba nauli ya watu wawili, kwa kuwa yule msichana naye anataka kujaribiwa.