Sinia la Mchanga



Juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, chuoni tulikokuwa tukisomesha, alikuwako mtoto wa miaka mitano aliyeshindwa kupambanua Ba na Ta. Tulimkemea mbele ya wenziwe, na mwishowe tukamwambia bibi yake kuwa mjukuu wake ni mzito wa kufahamu. "Haya, maalim," alitujibu, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Kufika nyumbani, bibi alitwaa sinia kuukuu, akatandaza humo mchanga mkavu wa pwani, akakishika kidole cha mjukuu wake na kuandika nacho herufi huku wakizitamka pamoja. Nukta aliziweka kwa kokwa za ubuyu: moja chini ikawa Ba, mbili juu ikawa Ta, tatu juu ikawa Tha. Hazikupita wiki tatu, mtoto akatusomea kuanzia Alifu hata Ya bila ya kukosea. Hapo tukatambua kuwa mzito wa kufahamu alikuwa ni mwalimu.

Suratun Nahl, katika aya ya 78, inatukumbusha kwamba binadamu huzaliwa hana elimu yoyote, na kwamba kusikia, kuona na moyo ni neema alizopewa apate kushukuru. Nasi tunaona kuwa katika kuishukuru neema ni kuitumia. Mtoto yule tulimfunza kwa jicho na sikio tu, mkono wake tukausahau.

Wazazi wenzetu, vifaa vya kazi hii vimo majumbani mwetu. Kwa pua, tieni iliki, karafuu na mdalasini katika vikombe vitatu. Mtoto afumbe macho, anuse, ataje. Kwa sikio, twaeni chupa ndogo sita zisizoonyesha ndani: mbili zitiwe mchanga, mbili changarawe, mbili vifungo vya nguo. Zifungwe barabara, kisha mtoto azitikise na kutafuta zilizolingana sauti. Kwa mkono, fungeni ndani ya leso ufunguo, kijiko na kombe la pwani, naye avitambue kwa kupapasa.

Yapo ya kuchunga. Mchele na unga ni riziki. Visimwagwe kwa mchezo ilhali mchanga upo. Katika sinia ziandikwe herufi tu, wala lisiandikwe Jina la Mwenyezi Mungu mahali linapoweza kumwagika na kukanyagwa. Aliye chini ya miaka mitatu asipewe kokwa, vifungo wala changarawe, kwani huvitia kinywani na puani, vikamkaba. Na mtu mzima asiondoke mchezo ukiendelea.

Hilo la mwisho ndilo zito kwetu akina baba. Mchanga haununuliwi, lakini robo saa ya kukaa chini na mtoto, simu ikiwa imewekwa kando, wengi wetu tunaiona ghali. Bibi yule hakuwa na elimu ya ualimu. Alikuwa na subira, na alikuwa na imani kwamba mjukuu wake anaweza.

Tulimwendea, tukamtaka radhi. Akacheka, akatukaribisha kahawa, na sinia lile tukaliona limeegemezwa ukutani, likingojea mjukuu wa pili.

Wabillahi tawfiq.