Mvua Inaaga, Mto Unabaki na Nani?

Wapenzi wasomaji, kamwene! Wale wa Tukuyu, ugonile! Na nyie wa Dar mnaocheka salamu zetu, subirini, stori hii inawahusu kuliko mnavyodhani.

Wiki ya mwisho ya Aprili mwenzenu niliikata barabara kutoka Mbeya mpaka Iringa, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa dirishani nikitazama mawingu na mito. Najua wapo watakaosema huyu kakosa shughuli. Lakini huku Nyanda za Juu Kusini hatuna vuli na masika kama watu wa Pwani. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaanza Novemba na kufunga mahesabu Aprili, sehemu nyingine Mei. Ukishaaga, umeaga. Mpaka Novemba tena.

JUMATATU nilikuwa Mbeya mjini. Asubuhi jua, saa nane mvua, saa kumi jua tena utadhani hakuna kilichotokea. Pale Mwanjelwa nilimwona mshikaji mmoja kapigilia raba nyeupe, anaruka madimbwi kama digidigi. La tatu likamshinda. Akasonya, akaitukana mvua matusi ambayo mhariri hatayapitisha.

Sasa hebu tuulizane, maji yale yanayotukanwa yanakwenda wapi? Mkoa wa Mbeya umekaa kama paa la nyumba. Mvua ikinyesha upande wa Tukuyu, maji yanashuka na Mto Kiwira mpaka Ziwa Nyasa, yanatokea Mto Shire, yanaingia Zambezi na kuishia baharini kule Msumbiji. Ikinyesha upande wa magharibi, mengi yanakwenda Ziwa Rukwa, na huko hakuna kutoka. Ikinyesha upande wa Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, kisha Bahari ya Hindi. Wingu moja, safari tatu!

JUMANNE nikapanda Tukuyu. Huko mvua haijasikia habari za kuaga. Ni sehemu inayopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mwavuli si urembo, ni vazi. Nilisogea mpaka Daraja la Mungu, lile jiwe lililojitandika lenyewe juu ya Kiwira. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na unanguruma mpaka ukitaka kuongea na mwenzako unamfuata sikioni.

JUMATANO nikarudi Uyole, nikadandia basi la Makambako. Ukishuka kuelekea Chimala unavua koti, ukifika Igawa unatamani kuvua na shati. Hapa ndipo Usangu, bondeni, mvua yenyewe haifikii hata nusu ya ile ya Tukuyu. Lakini mpunga umesimama kijani mpaka macho yanachoka! Siri ni mito inayoteremka kutoka milimani: Chimala, Kimani, Mbarali. Ule ubwabwa wa Mbeya unaousifia kwenye harusi ni mvua ya mlimani iliyopita kwenye mfereji.

Maji yanayobaki yanaingia kwenye bwawa la asili la Ihefu. Ihefu ni kama sinia lenye ukingo wa mwamba upande wa kutokea. Sinia likijaa, maji yanamwagika na Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sinia likipungua chini ya ukingo, basi. Mto unasimama. Ndivyo ilivyoanza kutokea mwaka 1993, na tangu hapo kiangazi kikikolea viboko wanabanana kwenye vidimbwi kama abiria wa daladala saa ya jioni.

Na wewe wa Dar? Maji hayo ndiyo yanayokwenda bwawa la Mtera, mashine za megawati 80, halafu yanafanya kazi mara ya pili Kidatu, megawati 204. Waliokuwepo mwaka 2006 wanaukumbuka ule mgao, saluni zimefungwa na bia zinanyweka vuguvugu. Leo tuna bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, sawa. Lakini lipo kwenye Rufiji, na Ruaha Mkuu ni mmoja wa watoto wake.

ALHAMISI nilishuka Mufindi kwa shangazi. Ukungu saa nne asubuhi, mikono mfukoni. Huko ndiko unakoanzia Mto Ndembera, nao unakwenda Ihefu. Na huko ndiko kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa mvua ikishakatika, udongo ukiwa bado na unyevu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nikamkumbusha shangazi kwa adabu zote.

"Mwanangu," akasema, "hicho kidato cha nne ulichosoma, ada ilitoka wapi?"

Nikanyamaza. Ilitoka kwenye vinyungu. Mahindi mabichi ya Septemba na kabichi.

"Sasa nikiacha, mdogo wako utamlipia wewe?"

Na hapo ndipo ugumu ulipo, jamani. Ni rahisi kukaa mjini na kusema wakulima wanakausha mto. Shangazi hakaushi mto, anasomesha. Lakini mashangazi wakiwa elfu kumi, na kule Usangu mifereji ikaachwa wazi hata baada ya mpunga kuvunwa, maji yanazurura shambani bila kazi huku sinia linashuka. Hao wa mifereji isiyo na kazi ndio wa kuanza nao. Kufunga lango la mfereji hakumnyimi mtoto ada.

IJUMAA nikaingia Iringa. Baridi kavu, anga safi, upepo wa kukatisha midomo. Pale Ipogolo nilisimama darajani nikautazama Ruaha Mdogo ukipita chini ya mji, umejaa, umetulia, unakwenda kumfuata kaka yake kabla ya Mtera. Chini ya daraja chupa za plastiki zilikuwa zinasafiri bure, bila nauli. Hizo si za shangazi, hizo ni zetu sisi wa mjini.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, unapouliza kama kesho mvua itanyesha, uliza na lingine: mwezi wa kumi mto utakuwepo? Jibu la swali la kwanza watakupa watu wa hali ya hewa. La pili linaanza kuandikwa sasa hivi, wiki hii mvua inapofunga virago.

Haya, tuonane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na yule wa raba nyeupe, pole mshikaji. Paka chokaa.