Mlimani Inaposhuka Bondeni

Oktoba 25, 2021 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitimiza miaka 60. Siku 45 kabla ya Tanganyika kupata uhuru, wanafunzi wasiofika kumi na watano, mwanamke akiwa mmoja tu, Julie Manning, walianza kusoma sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chuo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na hata paa lilikuwa la kuazima. Kampasi ya Mlimani walihamia mwaka 1964. Hadhi ya chuo kikuu kamili ikaja Julai 1, 1970.

Tarehe hizo husomwa sana majukwaani wakati wa jubilei, zikifuatwa na orodha ndefu ya wakubwa waliopita pale. Wenye orodha wazisome. Gazeti hili linasherehekea kazi ambayo haina picha nzuri ya kutundika ukutani, yaani kuwaendea watu walipo, kuwauliza wanaishije na jirani yao na serikali yao, kisha kuandika walichosema hata kama hakimpendezi mtu.

Kazi hiyo haikuzaliwa na mwanzo wa chuo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao ya kitaaluma, wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi 393, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nchi iliona wasomi wasioijua, na wasomi wakaona nchi isiyowaelewa. Machi 1967 ukaitishwa mkutano wa kujadili chuo kiwe cha namna gani katika Tanzania ya ujamaa, na baada ya hapo somo la maendeleo likawa la lazima, hata kwa anayesomea kemia. Hayo ndiyo yaliyozaa Mlimani ya mwanahistoria Walter Rodney, ya mijadala isiyokwisha, na ya jarida la wanafunzi, Cheche, lililozimwa mwaka 1970 likiwa bado linawaka.

Wengi huishia hapo, kwa hamu ya zama zile. Kwetu sisi kilele kilikuja baadaye, na hakikuwa ukumbini.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, akamkabidhi uenyekiti Profesa Issa Shivji wa Kitivo cha Sheria. Tume ingeweza kukaa Dar es Salaam na kuwaita maofisa. Badala yake ilizunguka mikoa yote ya Bara na kufanya mikutano ya hadhara 277, vijijini na mijini, iliyohudhuriwa na watu wapatao 83,000. Wafugaji walieleza malisho yaliyogeuka mashamba ya wengine, na wakulima wakaeleza mifugo iliyoingia kwenye mahindi. Walikuwapo waliohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na wenyeji waliokuta mahame yao yamegawiwa wageni. Mtafiti wa mila na desturi akitaka kujua makabila zaidi ya mia yanavyosemezana, hana haja ya semina hotelini. Aende kwenye mikutano kama ile, mbele ya watu wanaogombea kisima kimoja.

Kilichopatikana hakikuwa wimbo wa umoja. Watu walitofautiana vikali juu ya nani ana haki na kipande gani. Hata hivyo walikubaliana, bila kushauriana, juu ya namna haki inavyopaswa kutafutwa: shauri lisikilizwe hadharani, wanaoijua ardhi ile wawepo, na mkubwa asiamue akiwa mbali. Tume ikayageuza hayo kuwa mapendekezo. Ardhi isiendelee kuwa mikononi mwa Rais. Ya vijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji wenyewe, na ya taifa chini ya bodi inayowajibika kwa Bunge. Serikali haikukubali. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zilimwacha Rais akiwa mdhamini wa ardhi yote. Lakini wanataaluma waliokwisha kusikia hawakurudi madarasani wakanyamaza: mwaka 1994 wakaanzisha HakiArdhi, taasisi ya utafiti na utetezi wa haki za ardhi, iliyorudi kwa wanakijiji. Tukiulizwa asasi ya kiraia huzaliwaje, tutautaja mfano huo kabla ya mwingine wowote.

Kazi hiyo ya kusikiliza iliingia pia katika siasa. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, Idara ya Sayansi ya Siasa ilianzisha mpango wa REDET, wa utafiti na elimu ya demokrasia. Haukukosa lawama. Mwaka 2010 kura yake ya maoni ilimpa mgombea wa chama tawala zaidi ya asilimia 70, matokeo rasmi yakaja juu kidogo ya 60, na waliocheka walikuwa na haki ya kucheka. Lakini REDET hiyo hiyo ilitoa mwaka 2006 kitabu kizito juu ya dini na siasa nchini, wakati ambapo vifo vya Waislamu waliopigwa risasi na polisi Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998 bado vilizungumzwa kwa sauti ya chini. Malalamiko ya Waislamu kuhusu elimu na ajira, ambayo kwa miaka yalijibiwa kwa kuambiwa "tusichanganye dini na siasa", yaliwekwa mezani na kuchunguzwa kama hoja. Wahariri wa kitabu hicho walikuwa Mukandala, Mushi, Ndumbaro na Saida Yahya-Othman.

Yupo mwingine tungependa kumtaja peke yake: Haroub Othman. Alikuwa Mzanzibari, profesa wa taaluma za maendeleo Mlimani, na ndiye mwanzilishi wa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992. Alikaa na watu wa kambi zote za Visiwani katika miaka ambayo ndugu walisusiana hata maziko, na pande zote zilimwamkia. Alifariki Juni 2009. Watafiti tunao, wa kuaminiwa na pande mbili za mlango bahari hawajawa wengi.

Sifa hizi zisifunike doa. Februari 1990 binti mmoja aliyekuwa akisoma chuoni hapo alijiua baada ya kudhalilishwa na genge la wanafunzi lililojiita Punch, na chuo kilichojua kuchambua ubeberu hakikuwa kimejua kumlinda msichana bwenini. Aprili ya mwaka huo huo wanataaluma walipitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wao na wajibu wao kwa jamii. Wajibu huo ulikuwa na deni tayari. Miaka mitatu baadaye wanawake wa Mlimani, akina Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TGNP, mtandao wa jinsia.

Lipo deni jingine, la lugha. Juzuu ya kwanza ya ripoti ya tume ya ardhi ilichapishwa mwaka 1994 mjini Uppsala, Sweden, kwa Kiingereza. Kitabu cha dini na siasa nacho ni cha Kiingereza. Watu 83,000 walihudhuria mikutano iliyoendeshwa kwa Kiswahili, na maneno yao yakarudi kwa lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Chuo hicho hicho kina taasisi ya Kiswahili iliyotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Wataalamu wa tafsiri wamo ndani ya geti lile lile, hatua chache kutoka kwa wanasheria.

Kama jubilei inahitaji zawadi, tunaomba hiyo: ripoti ile kwa Kiswahili, kwa karatasi ya bei nafuu, ifike vijijini ilikotoka. Mzee aliyesimama mwaka 1991 akaeleza mpaka wa shamba lake huenda hayupo tena. Mjukuu wake anaweza kuwa ndiye anayepanga foleni pale Mlimani leo, akijiandikisha mwaka wa kwanza.