Kabla ya Kumpasha Mwana Tohara

Kila muhula wa tatu unapoelekea ukingoni, wazazi wa Nakivale huanza kuulizana: je, likizo hii tumpeleke mtoto akatahiriwe? Swali hili lina uzito wa pekee hapa kwetu, kwa kuwa makazi haya yamekusanya watu ambao mila zao kuhusu jambo hili hazifanani. Msomali humtahiri mwanawe akiwa mdogo kwa kuwa ndiyo sheria ya dini anayoifuata. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii huihesabu tohara kuwa wajibu. Mkristo wa Kiorthodoksi kutoka Ethiopia hufuata desturi ya siku ya nane. Familia nyingi za Kikongo humaliza shughuli hiyo mtoto akingali mdogo. Kwa upande mwingine, Wanyarwanda, Warundi na wenyeji wetu Wanyankole hawakuwa na mila hiyo tangu jadi. Watoto wa wote hao huketi dawati moja na huoga pamoja.

Hapo ndipo mzazi hubanwa. Mtoto hurejea nyumbani akiwa na machozi kwa sababu wenzake wamemtupia neno lisilofaa kuandikwa hapa, naye baba, kwa uchungu na haya, huamua siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Dhihaka ya watoto ni kazi ya mwalimu na wazazi kuikomesha. Haikomeshwi kwa kisu.

Lugha yetu yenyewe ina mchango katika haya. Neno tohara tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni usafi na utakaso. Msikilizaji huhitimisha upesi kwamba asiyetahiriwa ni mchafu. Sivyo. Maji, sabuni na mafunzo ya mzazi humtosha mvulana. Tena, kwa mtoto mdogo ngozi ile huwa imeshikamana na kichwa cha uume, nayo huachana yenyewe kadiri anavyokua. Anayeivuta kwa nguvu kwa nia ya kumsafisha humjeruhi bure.

Sababu ya pili inayotajwa ni kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, na hii yastahili kusikilizwa kwa makini, maana sehemu kubwa ya ushahidi wake umetoka jirani tu, wilayani Rakai. Huko, karibu wanaume 5,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walishiriki katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007 pamoja na yale ya Kisumu, Kenya. Ilibainika kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban nusu au zaidi kidogo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na mwaka 2010 Uganda ikatoa sera yake ya tohara salama.

Lakini soma tena umri wa washiriki. Walikuwa vijana na watu wazima. Mtoto wa miaka 7 hana hatari ambayo kinga hiyo imekusudiwa kuizuia, basi kwa sababu hii peke yake hakuna haja ya kumharakisha. Isitoshe, kupunguza si kuondoa, na utafiti mwingine wa Rakai, wa mwaka 2009, haukuona kwamba kumtahiri mwanamume mwenye virusi kunamkinga mkewe. Kijana anayeambiwa kuwa sasa hana haja ya kondomu amedanganywa.

Kuhusu umri, jambo moja halijawafikia wazazi wengi. Mwaka 2020 PEPFAR, mpango wa Marekani uliogharimia sehemu kubwa ya tohara katika nchi zetu, ulipandisha umri wa kuanzia hadi miaka 15. Sababu mojawapo ilikuwa madhara yaliyoonekana zaidi kwa wavulana wadogo, likiwemo tundu linalotoboka kwenye njia ya mkojo, ambalo kulirekebisha ni kazi ngumu ya upasuaji. Basi, mzazi asiye na agizo la dini wala mila, mimi namshauri asubiri. Mvulana wa miaka 15 huelewa anachofanyiwa na hutunza kidonda chake.

Mwenye agizo la dini simwambii asubiri. Si kazi yangu kuingilia imani ya mtu. Ninachomwomba ni kwamba agizo hilo litimizwe mikononi mwa mhudumu aliyesomea, katika kituo cha afya, na si ndani ya kibanda kwa wembe uliotumiwa kwa watoto watano. Aulize kama kuna dawa ya ganzi. Aseme kweli anapoulizwa kama katika ukoo kuna watu wanaotokwa damu isiyokatika, au kama mtoto ana selimundu. Na mtoto aliyezaliwa tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume asitahiriwe kabisa kabla hajaonwa na daktari wa upasuaji, hata ikibidi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, kwa kuwa ngozi hiyo hiyo ndiyo inayoweza kuhitajika kumtengeneza. Nauli ya taksi hadi Mbarara ni mzigo kwa mkimbizi, nalijua hilo, lakini ngozi ikishakatwa hairudi.

Halafu kuna pepopunda. Hapa Uganda vimewahi kutokea visa vya pepopunda baada ya tohara, vikaleta vifo. Watoto wetu wengi walizaliwa njiani, au kadi zao za chanjo zilibaki katika nyumba zilizochomwa. Mzazi asiyeweza kuthibitisha chanjo asione aibu kusema hivyo kituoni. Mtoto achanjwe kwanza, tarehe ya tohara isogezwe mbele. Na jivu, kinyesi cha ng'ombe au majani yaliyopondwa yasiguse kidonda, hata kama bibi ndiye aliyeyaleta kwa upendo.

Sasa nije kwenye lile linalonigusa zaidi, nalo ni ridhaa. Aliye chini ya miaka 18 hutahiriwa kwa idhini ya mzazi au mlezi. Wazazi wengi huishia hapo, kana kwamba mwenye mwili hahusiki. Baadhi ya wavulana hudanganywa kuwa wanapelekwa sokoni, kumbe wanapelekwa kukatwa. Mwongo huo hukumbukwa muda mrefu baada ya kidonda kupona. Mvulana mwenye akili ya kuelewa aelezwe kwa maneno ya wazi ni nini kitakatwa, kitauma kiasi gani na kwa muda gani, kisha aulizwe. Akisema hapana, asikilizwe. Huko Bugisu, ambako imbalu hufanywa katika miaka ya shufwa, heshima yote ya sherehe imejengwa juu ya kijana kusimama kwa hiari mbele ya watu; ndiyo maana watu wazima wanaokamatwa na kukatwa kwa nguvu huhesabiwa na wengi kuwa doa katika mila hiyo.

Nisisahau kuonya kwamba lolote lililosemwa hapa lisigeuzwe hoja ya kuwakata wasichana. Ukeketaji hauna faida yoyote ya kiafya, na umekuwa kosa la jinai nchini Uganda tangu mwaka 2010.

Yakishafanyika, mtoto apumzike, asibebeshwe madumu ya maji wala kupanda baiskeli. Kijana aliyekwisha kuanza mahusiano ajiepushe na tendo la ndoa kwa wiki 6. Damu isiyokoma, homa, usaha, mkojo kushindwa kutoka, au taya kukakamaa hata wiki moja au mbili baadaye: arudishwe kituoni saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.